Mpira wa Kulishia: Kabla Hujamimina Chochote

Muuguzi anayeanza kazi wodini kwa kawaida huogopa kule kuingiza mpira wa kulishia, ule unaopitishwa puani hadi tumboni, na hofu hiyo inaeleweka, kwa kuwa mgonjwa hutokwa na machozi, hujikunyata, na wakati mwingine huudaka mkono wa anayemhudumia. Hata hivyo, kwa uzoefu wangu, kuuingiza ndiyo sehemu nyepesi. Sehemu nzito ni kujua kwa hakika ncha yake imelala wapi, kwa sababu chakula kikimiminwa mapafuni kinaweza kumuua mgonjwa.

Anza kwa kupima. Shika ncha ya mpira kwenye ncha ya pua, uunyooshe hadi kwenye ndewe ya sikio, kisha ushuke nao hadi chembe cha moyo, pale mfupa wa kidari unapoishia, na utie alama kwenye urefu huo. Mkalishe mgonjwa wima kadiri hali yake inavyoruhusu, umweleze unachotaka kufanya hata kama hawezi kujibu, na kama anaelewa mkubaliane ishara ya mkono ya kukusimamisha. Mpira uelekezwe nyuma, si juu, maana sakafu ya pua imelala sambamba na kaakaa. Ukifika koromeoni tulia kidogo, mwombe ainamishe kidevu kuelekea kifuani na ameze, nawe usukume anapomeza. Maji ya kumsaidia kumeza apewe yule tu ambaye imethibitika kwamba anameza salama. Aliyevunjika kitako cha fuvu au aliyeumia vibaya usoni asipitishiwe mpira puani, kwa kuwa unaweza kupenya hadi ndani ya fuvu. Daktari ataamua njia nyingine.

Mgonjwa akikohoa mfululizo, akishindwa kupumua au midomo ikigeuka rangi, utoe mara moja. Lakini usidanganywe na utulivu: aliyepoteza fahamu, au ambaye kiharusi kimemdhoofishia koo, anaweza kukaa kimya kabisa ilhali mpira umo mapafuni.

Utawakuta wakongwe wanaopuliza hewa kwa sirinji huku wakisikiliza tumboni kwa stetoskopu. Nawaheshimu, ila kwa hili msiwafuate, kwa sababu hewa iliyoingia kwenye pafu au kwenye umio inaweza kusikika tumboni vilevile. Vuta majimaji kwa sirinji na uyapime kwa karatasi ya pH, yaani inayoonyesha kiwango cha asidi. Kipimo cha kati ya 1 na 5.5 kinaashiria tumbo, nayo rangi ya majimaji peke yake haitoshi. Usipopata kitu, mlaze kwa ubavu wa kushoto na ujaribu tena. Kipimo kikiwa juu ya 5.5, huenda mgonjwa anatumia dawa ya kupunguza asidi kama omeprazole, au mpira hauko mahali pake, nawe huwezi kutofautisha kwa kukisia. Hapo ni picha ya eksirei, isomwe na aliyefunzwa kuisoma, na mgonjwa asilishwe kwanza, hata ndugu zake wakilalamika kwamba ana njaa. Kama mpira una waya wa ndani na umeshautoa, usiurudishe waya huo wakati mpira ungali mwilini, maana unaweza kutoboa.

Ukisharidhika, andika kwenye faili urefu unaosomeka kwenye tundu la pua. Namba hiyo iangaliwe kabla ya kila mlo na kila dawa, kwa kuwa kutapika au kikohozi kikali huweza kuusogeza mpira bila plasta kubanduka. Kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45 wakati wa kulisha, na kibaki hivyo kwa angalau nusu saa baadaye.

Kuziba kwa mpira mara nyingi hutokana na dawa. Kila dawa ipitishwe peke yake, na maji yapitishwe kabla na baada yake. Vidonge vinavyotoa dawa polepole havisagwi kabisa. Muulize mfamasia kama ipo ya maji. Ikionekana mgonjwa atahitaji kulishwa hivi kwa zaidi ya wiki 4 hadi 6, mkumbushe daktari kufikiria mpira unaopitishwa moja kwa moja kwenye ukuta wa tumbo, kwani wa puani ukikaa muda mrefu huchubua ngozi ya pua, na wagonjwa waliochanganyikiwa huung'oa mara kwa mara.