Nyuzi 36.9, Kuelekea Wapi?

Juzi msomaji mmoja aliyeanza fizikia mwaka huu alinitumia picha ya daftari lake. Swali lilikuwa hivi: mtu anatembea mita 10 mashariki, mita 6 kaskazini, kisha mita 18 magharibi, tafuta ukubwa na mwelekeo wa mhamo wake. Ukubwa kaupata sawasawa, mita 10. Kwenye mwelekeo kaandika nyuzi hasi 36.9, halafu akaniuliza kama kikokotoo chake kimeharibika.

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali la namna hiihii ndilo lililoniaibisha mbele ya darasa zima.

Mimi sikufika hata kwenye pembe. Nilijumlisha 10 na 6 na 18, nikaandika mita 34, nikalipigia jibu mistari miwili chini kwa madaha. Mwalimu akaiinua karatasi yangu juu akasema, "Huyu bado anatembea." Darasa likaangua kicheko. Kunikosoa ilikuwa kazi yake. Kunianika, hapana, na kicheko kile hakijanitoka masikioni. Mita 34 ni mwendo wote uliotembewa. Mhamo haujali ulipitia wapi, ni mshale mmoja mnyoofu kutoka ulipoanzia hadi ulipoishia. Sentensi moja tu hiyo, naye hakuisema.

Jioni nikachukua karatasi yenye miraba ya sentimita moja moja, kila mraba ukawa mita. Kumi kulia, sita juu, kumi na nane kushoto. Penseli ikaishia miraba 8 kushoto mwa nilipoanzia, na 6 juu. Nikalaza rula kati ya nukta mbili: sentimita 10 kamili. Mraba wa 8 ni 64, wa 6 ni 36, jumla 100, na kipeuo chake cha pili ni 10. Kanuni ya Pythagoras nilikuwa naikariri kama wimbo; siku ile ndiyo niliiona kwa macho.

Nikadhani nimemaliza. Jaribio lililofuata nikagawanya 6 kwa 8, nikapata 0.75, nikabonyeza tanjenti kinyume, kitufe kinachogeuza uwiano huo kuwa pembe, ikaja 0.64. Nikaandika nyuzi 0.64 bila kupepesa macho! Kikokotoo kilikuwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe kisicho nyuzi. Pembe ya nyuzi 0.64 ni mshale uliolala chali, na yeyote aliyechora angeshtuka. Sikuchora. Siku hizi kabla ya kugusa swali natafuta kwanza tanjenti kinyume ya 1. Isipotoka 45, narekebisha mashine.

Sasa wewe uliyeniandikia: kikokotoo chako ni kizima. Umegawanya 6 kwa hasi 8, hasi kwa kuwa aliishia magharibi, ukapata hasi 0.75. Aliyeishia kusini mashariki, anayegawanya hasi 6 kwa 8, naye anapata hasi 0.75 hiyohiyo. Mashine haiwezi kujua ile hasi ilitoka kwa nani, kwa hiyo siku zote inakupa pembe ya upande wa mashariki, kati ya hasi 90 na 90. Jibu lako linampeleka mtu kinyume kabisa na alikokwenda. Hesabu ya mashariki ikiwa hasi, ongeza 180, utapata nyuzi 143.1 kutoka mashariki, ukizunguka kinyume cha mwendo wa saa. Au andika nyuzi 36.9 kaskazini mwa magharibi, yaani unatazama magharibi kisha unageukia kaskazini kwa kiasi hicho. Njia zote mbili sahihi. Kuandika "nyuzi 36.9" na kuishia hapo ni kumwachia msahihishaji akisie, na msahihishaji hakisii, anakata.

Nyinyi mnaoutaka uhandisi, na najua ndio wengi humu, acheni kuona haya kuchora. Chora kabla ya kukokotoa. Ukimaliza, rudi kwenye mchoro. Wanaojifanya wanaona vekta, yaani vipimo vyenye ukubwa na mwelekeo kama mhamo, kichwani niliwakuta pia, na mitihani ya mwisho ilipotoka mimi sikukosa swali hata moja la vekta. Yule mwalimu alinirudishia karatasi akiwa anatazama dirishani.

Jana usiku msomaji wangu katuma picha nyingine. Safari hii kachora, na mstari unapanda juu kushoto vizuri kabisa. Kasahau tu kuuwekea kichwa cha mshale.