Upana wa kidoti sio saizi ya chembe, jamani

Juzi kijana mmoja wa Pongwe kanitumia picha ya hadubini, vidoti vinang'aa kwenye giza, kavipima upana kwa programu kapata kama nanomita 400 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), ananiuliza "kaka, hizi chembe zangu za fedha ni 400 eeh?" Mdogo wangu, hapana.

Kwenye dakifildi, yaani hadubini ya kuangalia vitu vinavyong'aa kwenye giza, mwanga wa taa hauingii kwenye lenzi moja kwa moja, unaoingia ni ule uliogonga chembe ukatawanyika, kama vumbi unavyoliona kwenye mwale wa jua unaopenya tundu la bati. Unaliona vizuri tu, ila ukubwa wake hulijui. Chembe ikiwa ndogo kuliko nanomita 200 hivi, iwe 40 iwe 100, lenzi inakuchorea kidoti cha upana uleule, upana unaoletwa na lenzi yako sio chembe.

Niliyasema haya kikaoni kwenye maabara moja hapa Tanga (jina naliacha), mkubwa mmoja akanijibu mbele za watu nikaoshe slaidi. Sampuli zikapelekwa kwenye hadubini ya elektroni, majibu yakarudi nanomita 60 hivi. Hakuna aliyesema hata samahani na bado inaniuma, sifichi.

Sasa tazama mtetemo. Chembe ndogo inachezacheza zaidi majini, fuata njia yake kwenye video, hesabu ya Einstein ya 1905 inakupa kipenyo. Ila weka joto halisi la chumba! Chumba chetu Ngamiani mchana kinafika nyuzi 30, maji yanakuwa mepesi, yaani hayaizuii chembe sana, ukitumia namba ya kitabuni ya uzito huo wa maji kwa nyuzi 20 chembe yako itatoka ndogo kuliko ilivyo kwa zaidi ya asilimia 20. Watu wanaruka hapo kila siku.

Mng'ao nao unasaidia, kwa chembe ndogo sana kipenyo kikizidi mara mbili mwanga unazidi mara 64, lakini linganisha fedha kwa fedha, sio fedha na plastiki. Siedentopf na Zsigmondy, wanasayansi waliobuni hadubini ya kuona chembe ndogo hizi, mwaka 1903 hawakupima upana wa kidoti, walihesabu vidoti kwenye ujazo wanaoujua wakagawanya uzito wa dhahabu iliyomo kwa idadi hiyo, wakapata ukubwa wa chembe moja. Watu wa zamani hao, hawana kompyuta! Vijana wa leo mnakimbilia rula. Acheni uvivu, tazameni mtetemo.

Na wewe wa Pongwe, nitumie video sio picha, na uandike joto la chumba.