Kuzunguka Mwanza kwa baiskeli: upite wapi, saa ngapi, na ujihadhari na nini

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama kuna barabara ya kufuata ufukwe wa ziwa kutoka mjini mpaka uwanja wa ndege, na kama baiskeli ya gia ya kawaida itatosha. Barabara hiyo haipo. Baiskeli itatosha, ila ipitie kwa fundi kwanza.

Ufukwe wa Mwanza umekatwakatwa na mawe, bandari, viwanda vya samaki na viwanja vya watu. Barabara kubwa zinapita nyuma kidogo ya maji, kisha vinjia vinashuka ziwani na kuishia huko huko. Ukitaka kuliona ziwa unashuka, unaangalia, unapanda tena barabarani, unasogea mbele, unashuka kwingine. Anayeng'ang'ania kubaki kando ya maji muda wote ataishia kubeba baiskeli begani juu ya majabali au kukuta geti la mtu.

Kinachopanga siku ni upepo, na wageni wengi hawaufikirii. Alfajiri hewa inatoka nchi kavu kwenda ziwani, taratibu, kutokea kusini-mashariki. Ardhi ikishapata moto, kuelekea adhuhuri, upepo unageuka na kuvuma kutoka ziwani, kaskazini-magharibi, na alasiri unakuwa na nguvu ya kukufanya ukanyage kwenye tambarare kama unapanda mlima. Basi safari ya kaskazini (Kirumba, Pasiansi, Ilemela, Igombe) ianze asubuhi, urudi mchana upepo ukikusukuma mgongoni. Ukienda kusini, Nyegezi na Luchelele, geuza kabla ya saa 6 mchana, la sivyo utarudi ukipambana nao uso kwa uso. Na kama umezoea saa za Dar, kumbuka jua la Mwanza linachelewa kama dakika 25, kuchomoza na kuzama pia. Saa 12 kamili asubuhi bado ni giza, na huna haja ya kuwa barabarani wakati huo bila taa.

Kuhusu baiskeli yenyewe. Tairi za inchi 26 zenye upana wa 1.75 mpaka 2.1 ndizo zinazofaa, kashata (meno ya tairi) za wastani. Mtu wa kilo 70 ajaze upepo kama psi 40 mbele na 45 nyuma. Ukizidisha utarushwa kwenye changarawe, ukipunguza sana utabana tyubu kwenye ukingo wa rimu kila ukigonga jiwe, na pancha ya namna hiyo inatoka matundu mawili yanayokabiliana. Nyuma uwe na gia kubwa ya meno 28 au zaidi, kwa sababu vilima vya Isamilo na Bugando havipandiki kwa gia za mashindano. Phoenix na baiskeli nyingine za gia moja zinabeba mizigo ya ajabu hapa Usukumani, lakini zile breki zake za vyuma zinashika vibaya rimu ikilowa. Ukiwa na ya namna hiyo, miteremko ya vilimani shuka ukiikokota.

Breki ndilo jambo la kumsimamia fundi. Raba zikae katikati ya rimu, zisiguse tairi wala zisichungulie chini. Kama mifereji ya raba imeisha, badilisha zote nne kwa pamoja. Waya ukionekana umeanza kufumuka nyuzi pale unapoingia kwenye mkono wa breki, usiseme utavumilia wiki moja. Unakatika siku unayoubana kwa nguvu, na siku hiyo uko mteremkoni.

Anza na Capri Point. Ni rasi fupi, lami inaizunguka, magari ni machache, na ndipo mahali pa pekee mjini unapoweza kuendesha muda mrefu huku ziwa likionekana kati ya nyumba na mawe. Ukitokea mjini utapita karibu na gati ya kivuko cha Kamanga na lile Jiwe la Bismarck lililosimama majini. Jua la asubuhi linaliangaza kutokea upande wa mji, kwa hiyo picha nzuri ni ya asubuhi, ingawa wengi huja machweo. Boti za kwenda kisiwa cha Saanane, ambacho ni hifadhi ya taifa, huondokea hapo Capri Point. Baiskeli unaiacha bara.

Kutoka hapo shika Makongoro kwenda Kirumba. Kushoto, chini, kuna Mwaloni, soko la samaki na dagaa. Ufike mapema, na uangalie mwezi kabla ya kupanga. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa zinavuta dagaa vizuri wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali mavuno yanapungua, na soko nalo linapoa. Ndani ya Mwaloni shuka ukokote. Sakafu ina maji yaliyochanganyika na magamba na ute wa samaki, tairi inateleza hata ukiwa unatembea, na wapagazi wenye magunia kichwani hawawezi kukukwepa. Wanapopiga kelele za kuomba njia, simama pembeni mara moja. Salimia kwanza, omba ruhusa, ndipo utoe simu ya kupiga picha. "Mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, inafungua milango mingi kuliko Kiswahili kizuri.

Baada ya Kirumba barabara inaendelea kupitia Pasiansi mpaka uwanja wa ndege, kama kilomita 10 kutoka katikati ya mji. Hapa ndipo uwe macho zaidi ya kote. Daladala inakupita, halafu mita 20 mbele inakata kushoto kupakia abiria bila taa ya ishara. Usijibane ukingoni ukidhani ndiko kwenye usalama: mitaro ya maji ya mvua iko wazi, imejengwa kwa mawe, na gurudumu la mbele likiingia unaruka juu ya usukani. Kaa kama mita moja kutoka ukingo wa lami, na daladala iliyosimama usiipite kushoto kwake, maana mlango unafunguka upande huo. Kushoto kwa barabara kuna Bwiru, na inafaa kuingia. Ni mitaa yenye miti, mawe makubwa na miteremko ya kwenda ziwani. Mbele ya uwanja wa ndege, kuelekea Igombe, msongamano unaisha na unaanza kuona mitumbwi imeegeshwa na dagaa wameanikwa.

Kusini nako ni Barabara ya Kenyatta: Igogo, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi. Mpaka Butimba huoni ziwa kwa raha, unaona malori. Raha yenyewe iko baada ya kukata kulia Nyegezi kuelekea Malimbe na Luchelele, ambako ziwa linarudi. Bandarini, uwanja wa ndege na gereza la Butimba usipige picha kabisa.

Mitaa ya vilimani, kama Mabatini, ina nyumba zilizopachikwa katikati ya majabali, na njia nyingi humo ni ngazi. Funga baiskeli chini kwa fundi au dukani, mwachie mwenye duka kitu kidogo, upande kwa miguu. Mvua kubwa ikinyesha usikatishe karibu na Mto Mirongo. Maji yanashuka kutoka milimani kwa haraka sana, na unachokiona kama dimbwi kinaweza kuwa mtaro.

Sasa pancha. Adui wa kiangazi ni mbigili, ule mmea unaotambaa pembeni mwa njia za mchanga. Mbegu yake ina miiba iliyokaa kiasi kwamba hata ikiangukaje, mmoja unatazama juu. Usipumzike kwa kuisukuma baiskeli kwenye majani makavu ya pembeni. Ukitoboka, kabla ya kurudisha tyubu pitisha kitambaa ndani ya tairi, mzunguko mzima. Kitanasa kwenye mwiba uliobaki. Wengi wanaziba vizuri, wanaacha ncha ya mwiba ndani, na baada ya nusu saa wanalaumu kiraka. Na kiraka chenyewe: piga msasa mpaka mng'ao wa mpira uishe, paka solusheni nyembamba, subiri dakika tano ikauke isinate kidoleni, ndipo ubandike na kukandamiza. Kubandika solusheni ikiwa mbichi ndiyo sababu kubwa ya viraka kuachia kwenye joto la mchana. Beba tyubu moja ya akiba hata hivyo.

Maji ya kunywa lita mbili kwa nusu siku. Chakula cha kukanyagia hakuna kinachoshinda matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Na usioshe baiskeli wala miguu ziwani, hasa maji yaliyotulia yenye majani, kwa sababu ya kichocho. Hakikupi dalili siku hiyo. Ukiwa uliingia majini, kapime baada ya wiki kadhaa.

Ukibaki na siku nzima na miguu yenye nguvu, toka kwa Barabara ya Kenyatta mpaka Usagara, kunja kwenda Kigongo, uvuke Daraja la J.P. Magufuli lililofunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, halafu Busisi, Sengerema, na kurudi mjini kwa kivuko cha Kamanga. Unazunguka upande wa kaskazini wa Ghuba ya Mwanza. Darajani upepo wa pembeni ni mkali alasiri, kwa hiyo livuke asubuhi, na mizigo iwe chini kwenye keria, si mgongoni. Kabla hujaondoka mjini pitia gatini uulize kivuko cha mwisho kutoka Kamanga kinaondoka saa ngapi siku hiyo, maana ukikikosa utalala ng'ambo.