Jibu: Kwa nini kotesheni za mfuniko wa kasha la taa ya dagaa zinapishana hivi

Mkuu, nimeusoma uzi wako wote. Kwa wanaopita: jamaa anaunda taa za LED za kuvulia dagaa hapa Mwanza, anataka mfuniko wa kasha la betri umiminwe kwa mashine ya injeksheni (inayosukuma plastiki iliyoyeyuka ndani ya moldi, yaani kalibu) badala ya kuchongwa kwa mkono. Kotesheni tatu alizopata kwa vipande 20,000 zinasema Sh 640, Sh 1,290 na Sh 1,550 kwa kipande, na anauliza nani kati yao anamwibia.

Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya kukadiria bei katika kiwanda cha plastiki huko Nyakato, na kwa ninavyoona, inawezekana kabisa hakuna anayekuibia. Ulichowapelekea ni picha ya WhatsApp na vipimo vya nje tu: sentimita 15 kwa 12, kimo sentimita 3. Unene wa ukuta hukutaja. Mkadiriaji asipoambiwa unene anajaza mwenyewe, na unene ndio unaoamua karibu kila namba inayofuata. Ngoja nikupitishe kwenye hesabu kama tunavyoifanya. Bei za malighafi na za mashine nitakazotumia ni za mfano, ila mtiririko ni huohuo kila kiwanda.

Kwanza uzito. Mfuniko wako ukiwa na ukuta wa milimita 2, bapa la juu na kuta za pembeni vinatoa kama sentimita za ujazo 68. Plastiki ya polipropilini (PP) ina uzito wa gramu 0.9 kwa sentimita ya ujazo, kwa hiyo kipande kina gramu 60 na ushee. Juu yake ongeza plastiki inayobaki kwenye njia za kuipitisha ndani ya moldi, tuseme gramu 5 kwa kipande, na asilimia 3 ya vipande vibovu vya mwanzo wa kazi. Unafika gramu 67. Malighafi ikiwa Sh 4,500 kwa kilo, hiyo ni kama Sh 302. Kiwanda chenye mashine ya kusaga mabaki kinaweza kushusha kidogo hapo, lakini kwa kitu cha kukaa juani na majini mimi ningekuandikia malighafi mpya tupu.

Halafu mashine. Plastiki ikiingia kwa shinikizo inataka kuipasua moldi katikati, kwa hiyo mashine lazima iwe na nguvu ya kuibana. Eneo la mfuniko ni sentimita za mraba 180. Moldi yenye kaviti mbili, yaani inayotoa vipande viwili kwa mpigo, ina 360. Kwa PP tunahesabu takriban tani 0.4 kwa kila sentimita ya mraba, inakuja tani 144, tunaacha nafasi ya usalama na kuipeleka kwenye mashine ya tani 180. Kila mashine ina bei yake ya saa: ndani yake mna umeme, fundi, uchakavu, maji ya kupozea, na dizeli ya jenereta. Hilo la jenereta msilidharau. Umeme ukikatika katikati ya kazi, plastiki inaganda ndani ya silinda, na kurudi kwenye uzalishaji ni kupasha upya, kusafisha na kutupa vipande vya mwanzo. Tuseme saa moja ni Sh 40,000.

Sasa sekunde, ambazo ndizo roho ya kotesheni. Mzunguko mmoja ni kufunga moldi, kusukuma plastiki, kushikilia shinikizo, kusubiri ipoe, kufungua na kutoa kipande. Sehemu nyingine zote za mzunguko hazibadiliki sana. Kupoa ndiko kunakobadilika, na hakuendi sambamba na unene: ukuta ukiwa mnene mara mbili, muda wa kupoa unapanda karibu mara nne, kwa sababu joto la katikati linalazimika kusafiri kupitia plastiki, na plastiki inapitisha joto polepole mno. Kwa milimita 2 niweke sekunde 12 za kupoa na 13 za mengine, jumla 25. Saa ina mipigo 144, vipande 288. Toa vituo na hitilafu, bakiza 245. Gharama ya mashine: Sh 163 kwa kipande.

Weka sasa ukuta wa milimita 4, ambao mtu yeyote aliyezoea mbao na fiberglasi angeuona ni wa kawaida. Kipande kinakuwa gramu 120, malighafi Sh 579. Kupoa sekunde 48, mzunguko 61, mipigo 59 kwa saa, na baada ya vituo unapata vipande kama 100. Mashine peke yake ni Sh 400.

Mengine ni madogo. Kufunga moldi, kupasha na kujaribu, tuseme Sh 200,000 kwa kila kuanza kazi, ambayo kwa vipande 20,000 ni Sh 10 tu. Kibarua wa kukata mikia ya plastiki na kufungasha, pamoja na katoni, Sh 40. Gharama za ofisi na faida, asilimia 25. Milimita 2 inakupa Sh 644. Milimita 4 inakupa Sh 1,286. Umeona? Kotesheni zako mbili za kwanza ziko hapo, na nina hakika kubwa tofauti yao ni unene.

Ile ya Sh 1,550 nadhani ina moldi ndani. Moldi ya kaviti mbili ya ukubwa huo tuseme ni Sh milioni 18. Igawe kwa vipande 20,000 ni Sh 900 kila kimoja. Jumlisha na 644. Wenye bei za chini bila shaka wameiandika moldi kwenye mstari wake, ukurasa wa pili, ambako watu hawasomi. Kwa mtu asiye na mtaji wa kuanzia, kulipia moldi kidogokidogo ndani ya bei ya kipande si jambo baya. Ila uliza bei inashuka lini. Ukishachukua vipande 20,000 moldi imelipwa, na kuanzia hapo mfuniko unapaswa kurudi kwenye Sh 640 na kitu. Wengi hawaulizi, na bei inabaki palepale oda baada ya oda. Uliza pia moldi ni ya nani. Nimeona mteja akitaka kuhamia kiwanda kingine na kuambiwa moldi haitoki, kwa sababu hakuna karatasi inayosema aliilipia. Inaniuma hadi leo, kwa sababu ilikuwa jasho lake.

Kingine kuhusu moldi: metali yake. Ya aluminiamu hukatwa haraka na inafaa kazi ya vipande vichache. Chuma cha P20 kinavumilia mamia ya maelfu ya mipigo kwa PP. Zikitoka ng'ambo, ongeza meli, ushuru, na lori la zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar hadi huku. Na angalia ndoano za kubania pembeni nilizoziona kwenye picha yako. Zikiwa na sehemu iliyoingia ndani, kipande hakitoki moja kwa moja, moldi inahitaji slaidi (sehemu zinazoteleza) za kuvuta upande, na kila slaidi inapandisha bei ya moldi na kuongeza kitu cha kuharibika. Kama skrubu nne zitafanya kazi ileile, weka skrubu.

Najua utasema milimita 2 ni nyembamba, taa inapigwa na mawimbi na kurushwa mtumbwini. Usiongeze ukuta, ongeza mbavu kwa ndani. Ubavu uwe na unene wa kama nusu ya ukuta, ukizidi hapo, uso wa juu wa mfuniko utabonyea pale plastiki inapoganda. Bati la mgongo mpana linasimama imara kwa mikunjo yake, na mfuniko wako utasimama kwa mbavu hivyohivyo. Pia kuta zote za pembeni zipe mwinamo wa digrii 1 au 2 ili kipande kitoke bila kukwaruzika. Jua la ziwani linaipasua PP tupu, kwa hiyo omba dawa ya kuzuia mionzi ichanganywe, na kama rangi haikusumbui chagua nyeusi, kwa kuwa masizi yanayotia weusi huo yenyewe yanakinga jua.

Swali la idadi nalo ni lako kulifikiria zaidi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika, kwa hiyo fedha yako inaingia kwa mafungu. Kama huwezi kuchukua 20,000 kwa mkupuo, sema hivyo mapema: 20,000 kwa mwaka, kwa mafungu ya 5,000. Gharama ya kuanza kazi itakuwa Sh 40 kwa kipande badala ya 10, ambayo ni nafuu kuliko kulaza mifuniko stoo Kirumba huku huna hela ya betri. Lakini ukiomba vipande 1,000 kwa fungu, hiyo gharama ni Sh 200, na hapo bei inakimbia.

Kwa hiyo warudie wote watatu na karatasi moja: mchoro wenye unene wa milimita 2 na mbavu, PP mpya yenye dawa ya jua, rangi nyeusi, idadi ya mwaka na ya fungu. Waombe waandike uzito wa kipande, sekunde za mzunguko, idadi ya kaviti, bei ya moldi peke yake, kama VAT ya asilimia 18 imo au haimo, na kotesheni inadumu siku ngapi, maana malighafi inanunuliwa kwa dola. Vipimo vikali viombe kwenye mfereji wa mpira wa kuzuia maji tu. PP inasinyaa asilimia 1 hadi 2.5 ikipoa, na ukidai usahihi wa sehemu ya kumi ya milimita kila mahali utaulipia. Wakijibu, weka majibu yao hapa nami nitayapitia mstari kwa mstari.