Jeni zinazoruka: nakala mpya huingiaje katikati ya kromosomu?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa kidato cha tano na sita. Niliwaeleza wanafunzi kwamba karibu nusu ya DNA ya binadamu imetokana na vipande vinavyohamahama, na mmoja akaniuliza: kipande kikijinakili, nakala yake hupenyaje kwenye kromosomu iliyo nzima, na je, kile cha awali hubaki mahali pake? Naomba ufafanuzi.

JIBU: Ndugu Mwalimu, mwanafunzi wako amegusa penyewe, kwani maelezo mengi huishia kusema kwamba kipande "hujinakili na kujibandika," kana kwamba nakala hutengenezwa kwanza pembeni, kisha ikatafutiwa pa kukaa. Kwa kipande kiitwacho L1, ambacho hadi leo kinaendelea kuruka katika jenomu (DNA yote) ya binadamu, sivyo ilivyo: nakala ya DNA huundwa palepale inapobandikwa, na huwa imeshikamana na kromosomu tangu herufi yake ya kwanza (herufi za DNA ni nne: A, T, G na C).

Kile cha awali haking'oki. L1 kamili ina herufi zipatazo 6,000. Seli huinukuu kuwa RNA, yaani nakala ya ujumbe wa DNA, kama inavyonukuu jeni nyingine, RNA hiyo hutoka nje ya kiini cha seli, na huko ribosomu huitumia kutengeneza protini mbili. Ya kwanza huikumbatia RNA. Ya pili ndiyo fundi, mwenye zana ya kukata DNA na zana ya kuandika DNA kwa kuisoma RNA. Kwa kawaida protini hizo hung'ang'ania RNA ileile iliyozizalisha, na mzigo huo wote ndio unaorudi kwenye kiini.

Hapo fundi huukata uzi mmoja tu wa DNA, akipendelea mahali palipoandikwa TTTTAA, na mkato wake hupita kati ya T ya mwisho na A ya kwanza. Mkia wa RNA ya L1 ni mfululizo wa A, na A huoana na T. Kwa hiyo mkia hujilaza kwenye ncha ya TTTT iliyoachwa wazi, na fundi yuleyule huirefusha ncha hiyohiyo herufi baada ya herufi, akiisoma RNA kutoka mkiani kuelekea kichwani. Ukiwachorea ubaoni, anza na mkia huo wa A juu ya ncha ya T kabla ya kuchora kitu kingine chochote. Njia hii ilionyeshwa mwaka 1993 kwa ndugu wa L1 aitwaye R2, anayepatikana kwa kiwavi wa hariri.

Baadaye uzi wa pili hukatwa hatua chache kando na mapengo hujazwa. Kwa kuwa mikato miwili haikulingana, herufi kadhaa, mara nyingi kati ya 7 na 20, hujirudia pande zote mbili za mgeni, na ndiyo alama tunayoitafuta tunapotaka kuthibitisha kwamba kipande kiliingia kwa njia hii.

Mara nyingi uandishi hukatikia njiani. Kwa kuwa ulianzia mkiani, kinachokosekana ni kichwa, ambako ndiko iliko swichi ya kuanzisha unukuzi. Ndiyo maana kati ya nakala za L1 zipatazo 500,000 tulizo nazo, zinazoweza kuruka tena ni kama 100 tu. Kipande kingine, Alu, hakina protini yake hata moja, ila humteka fundi wa L1, na kwa ujanja huo kimefikisha nakala zaidi ya milioni moja. Mgeni akitua ndani ya jeni inayohitajika, madhara huonekana: mwaka 1988 L1 mpya ziligunduliwa katika jeni ya protini ya kugandisha damu, faktori VIII, kwa wagonjwa wawili wa hemofilia A wasio na undugu.

Wapo lakini wanaohama kwelikweli. Vipande ambavyo Barbara McClintock alivichunguza kwenye mahindi huko Marekani katika miaka ya 1940, na vikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1983, havipitii RNA: kimeng'enya hukikata kipande chenyewe na kukipeleka kwingine. Kipande kilichokuwa kimeizima jeni ya rangi kikiondoka mapema punje inapokua, doa la rangi kwenye punje huwa kubwa. Kikichelewa, huwa nukta tu, kwa sababu kila doa ni uzao wa seli moja ambamo jeni hiyo iliwaka tena.