Tiketi tumelipa, na sasa kimbunga kinasemwa: tughairi?

SWALI: Assalam alaikum, kaka. Naandika kutoka Kisauni. Siku 11 zijazo, katikati ya Aprili, twasafiri mimi, mume wangu, watoto wetu watatu na mavyaa wangu mwenye miaka 72. Twaanza Unguja kwa siku nne, kisha Mafia siku tatu kwa ndege ndogo. Hoteli ya Unguja yaturuhusu kughairi bila gharama mpaka saa 72 kabla ya kufika. Ya Mafia tumetoa arbuni nusu ya pesa na wameshasema hairudi. Tiketi za ndege ni za kampuni mbili tofauti, na bima hatuna. Jana kwenye kundi letu la familia imeingia ramani yenye duara jekundu upande wa Ngazija. Shemeji yangu ataka tughairi leo hii. Mavyaa asema tangu azaliwe hajaona kimbunga pwani hii na yeye sanduku lake halifungui tena. Tumsikize nani? Na bima tukinunua sasa, itatufaa?

JIBU: Waalaikum salaam, dada. Usighairi leo. Jibu hilo laweza kugeuka wiki ijayo, na nitakwambia ni siku gani, lakini leo ukighairi utakuwa umelipia hofu ya shemeji yako kwa pesa taslimu.

Tuanze na hiyo ramani. Haina tarehe, haina saa, wala haina jina la ofisi iliyoichora. Ramani ya namna hiyo mimi huihesabu ni karatasi ya kufungia viazi karai. Kila mwaka ikifika msimu huu picha za zamani huzunguka upya kwenye simu za watu, na duara jekundu lilelile huhamishwa kutoka Ngazija hadi Tanga kama kiti cha harusini. Vimbunga vya upande wetu wa Bahari ya Hindi hufuatiliwa na kituo cha Météo-France kilichoko kisiwani Réunion. Kwa Unguja na Mafia, tangazo la kufuata ni la Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA. Kwa hapa Mombasa ni Idara ya Hali ya Hewa yetu. Ukifungua taarifa za Réunion utaona saa zimeandikwa UTC, yaani saa ya kimataifa. Ongeza saa tatu. 06:00 yao ni saa tatu asubuhi kwetu, na nimeshaona watu wazima wakigombana juu ya kimbunga kilichokuwa kimeshawapita kwa sababu ya hesabu hiyo.

Ramani ya kweli huwa na umbo kama la pia ya watoto kuchezea, jembamba pale dhoruba ilipo sasa na pana kule iendako. Wengi hudhani upana ule ni ukubwa wa kimbunga. Sivyo. Waonyesha mahali ambapo kitovu chake chaweza kupita, na hupanuka kwa sababu makosa ya utabiri huongezeka kila siku inayosogezwa mbele. Mvua, upepo na mawimbi hutoka nje ya mistari hiyo bila kuomba ruhusa. Sasa pima na safari yako: kutoka Mombasa hadi Unguja mjini ni kama kilomita 235 kuelekea kusini, na hadi Mafia ni kama 430. Yaani kati ya vituo vyenu viwili mna takriban kilomita 200. Utabiri wa siku tano waweza kukosea kwa kiasi hicho na hakuna atakayeona ajabu. Ukiangalia leo, siku 11 kabla, hakuna mtu duniani awezaye kukwambia ni Unguja, ni Mafia, au ni samaki wa bahari kuu watakaonyeshewa. Siku tatu kabla, picha huwa imeshakaa sawa.

Mavyaa wako naye namheshimu, ila historia yamkana kidogo. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa mikarafuu na minazi na kuvunja majahazi bandarini, na Pemba, pale jirani tu, ikapona karibu yote. Ndiyo maana baadaye karafuu zikawa za Pemba. Aprili 1952 ikapigwa Lindi. Na tarehe 4 Mei 2024 dhoruba ya Hidaya ikaingia Mafia, kule kule mwendako. Alilosema la kweli ni kwamba Mombasa yenyewe iko digrii 4 tu kusini mwa ikweta, na karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuuzungusha upepo ukawa kimbunga, kwa hiyo aghalabu hutupita mbali. Aghalabu, dada. Mwezi huohuo wa Mei 2024 dhoruba ya Ialy ilipita nje ya pwani yetu ikatuletea upepo mkali.

Utakuta mtandaoni ushauri mwingi wa wasafiri ulioandikwa kwa watu wa Florida. Hariken yao, taifuni ya Wajapani na kimbunga chetu ni kitu kimoja, lakini usiuchukue ushauri wao mzimamzima. Msimu wao ni Juni hadi Novemba, wetu ni Novemba hadi Aprili na mkia kidogo wa Mei. Wao huambiwa wajaze tangi wakimbie na gari. Ukiwa Kilindoni, mji wa Mafia, utakimbilia wapi na gari?

Sasa pesa, na hapa ndipo penye kazi. Chukua karatasi, andika tarehe za malipo yako upande mmoja na siku za utabiri upande wa pili. Hoteli ya Unguja: mpaka saa 72 kabla hupotezi hata shilingi, na saa 72 ndizo zilezile siku tatu ambazo utabiri huanza kuaminika. Umebahatika, mikataba mingi haiko hivyo. Basi kughairi leo kwakupa faida gani usiyoweza kuipata siku ya nne kabla ya safari? Hakuna. Weka kengele kwenye simu ya siku hiyo, asubuhi, usingoje jioni, kwa sababu hizo saa 72 wengine huzihesabu tangu saa ya kuingia chumbani na wengine tangu usiku wa manane. Waulize, wakujibu kwa maandishi.

Mafia hesabu yake ni nyingine. Arbuni imeshatoka mkononi. Ukighairi leo imepotea, ukighairi siku ya mwisho imepotea vilevile, kwa hiyo haraka haina maana. Usiwaombe kurudishiwa pesa, waombe kusogeza tarehe. Mwenye hoteli ndogo husikia neno "rudisha" akaziba masikio, lakini "tuhamishie Agosti" humfungua, maana pesa hubaki kwake na chumba cha Aprili hata hivyo ni kigumu kujaza. Waandikie wiki hii, kabla dhoruba yoyote haijapewa jina, muulize mambo mawili: serikali ikisimamisha ndege au boti itakuwaje, na mkitaka kuhamisha kwa tahadhari yenu wenyewe itakuwaje. Ukisubiri siku ambayo kila mgeni anawapigia simu, utapata jibu la mtu aliyechoka. Kwa siri yetu, mimi ninayekatia watu safari, Mafia ya katikati ya Aprili nisingekukatia hata kama mbingu ingekuwa nyeupe pe. Ni masika, hoteli kadhaa hufunga milango kabisa, na papa potwe ambao watu huenda kuwaona msimu wao huwa umekwisha.

Tiketi za ndege zina kanuni moja ambayo watu hawaipendi: asiyefuta ndiye mwenye haki. Kampuni ikifuta safari yenyewe, haina budi kukupa tarehe nyingine au pesa zako. Wewe ukifuta kwa hofu siku moja kabla yao, tiketi yahesabiwa umeitupa mwenyewe. Aprili 2021 nilikuwa na mteja aliyefuta kila kitu kwa ajili ya kimbunga Jobo kilichokuwa kikielekea Dar es Salaam. Kikaishiwa nguvu kabla ya kufika, ndege zikaruka, na yeye akabaki nyumbani Nyali akiangalia jua. Tangu siku hiyo huniita "bwana subira", na si kwa sifa.

Lakini kosa langu kubwa lilikuwa mwaka 2024. Niliwakatia watu ndege kwa kampuni moja na boti ya Dar kwenda Unguja kwa nyingine, siku ileile, bila nafasi katikati. Hidaya ilipokaribia boti zikasimamishwa, ndege ya kurudi ikaondoka bila wao, na kampuni ya ndege ikasema, kwa haki yake, kwamba boti si yao. Nyinyi mna kampuni mbili za ndege. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haiwajui. Kwa hiyo msirudi Mombasa kwa muunganiko wa saa mbili. Laleni Unguja usiku mmoja mkitoka Mafia, hata kama mavyaa atanung'unika juu ya gharama. Na msifikirie njia ya mkato ya boti ya Nyamisati, bandari ya bara ya kuvukia Mafia, wala gari kupitia Dar. Bahari hubaki chafu siku moja au mbili baada ya upepo kutulia, na baada ya Hidaya barabara ya kusini ilikatwa na maji pale Somanga, Kilwa, wakati wengi walishaamini mambo yamekwisha. Nahodha akikwambia leo haendi, mshukuru. Boti ya abiria ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, Unguja, Julai 2012 kwa upepo wa kawaida wa kusi, hakukuwa na kimbunga chochote.

Bima: kanuni ni kwamba hulipia jambo lisilotarajiwa. Dhoruba ikishapata jina, kwa kampuni nyingi imekuwa jambo linalojulikana, na mkataba ulionunuliwa baada ya hapo hauigusi. Jina hupewa ikifikisha upepo wa kilomita 63 kwa saa. Kuitwa kimbunga kamili ni 118. Kwa hiyo nenda kwanza kwenye ukurasa wa Réunion. Kama hakuna dhoruba yenye jina karibu na Madagaska au Ngazija, nunua leo alasiri, na usome kama mkataba walipia kughairi safari kwa sababu ya hali ya hewa, au ni wa matibabu na mizigo tu. Ile ya bei nafuu mara nyingi ni ya pili. Kama jina limeshatoka, nunua kwa ajili ya afya ya mavyaa, lakini usitarajie irudishe arbuni. Na swali "mimi nikiogopa nikafuta, mwalipa?" waulize wazi. Wengi hawalipi mpaka ndege isimamishwe au serikali itoe amri.

Basi kwenu nyinyi ningefanya hivi. Siku ya nne kabla, soma tangazo la TMA la asubuhi. Kama hakuna dhoruba kaskazini ya Madagaska, fungeni mizigo. Kama ipo na mstari wake waelekea kati ya Tanga na Kilwa, futa hoteli ya Unguja siku hiyo bila kuona haya, kwa hoteli hiyo hujapoteza kitu. Kama mstari waelekea kusini ya Mtwara, nendeni Unguja, na uamuzi wa Mafia muufanye mkiwa Forodhani siku ya tatu. Hiyo ndiyo raha ya kuiweka Mafia mwisho. Kuna jambo moja lanifanya niwe mwoga zaidi kwenu kuliko kwa vijana wawili wa fungate: mama wa miaka 72 kwenye kisiwa ambacho ndege zikisimama hakuna kutoka. Kwa sababu yake, ukiwa katikati ya shaka, Mafia iache.

Ikiwakuta mkiwa huko, hamieni nyumba ya mawe iliyo mbali na ufuo na mbali na minazi, bandani hapakaliki. Dawa za mavyaa ziwe za wiki mbili. Shikeni shilingi za Tanzania mkononi, kwa sababu mnara wa simu ukianguka pesa za kwenye simu hazinunui hata maji. Jazeni ndoo kabla umeme haujakatika. Upepo ukikata ghafla na jua likachungulia, mzuie mume wako asitoke kupiga picha. Hicho ni kitovu kinapita, na upepo utarudi kutoka upande wa pili.

Nitumie nakala ya mkataba wa ile hoteli ya Mafia, nikuandikie barua ya kuomba kuhamisha tarehe. Na huyo shemeji mwambie aweke tarehe kwenye ramani zake.