Mtoto kauvamia muziki, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo hapa Nkuhungu, Dodoma, nina muziki wangu nimejichanga miaka miwili mpaka kuupata, ampilifaya, sabufa na spika mbili ndefu za kusimama chini. Sasa binti yangu kafikisha mwaka na miezi miwili, ndo kajua kutembea, akiamka tu safari yake ni kwenye muziki. Juzi kabonyeza twita (kale kaspika kadogo ka sauti nyembamba) ya upande wa kulia kwa kidole ikaingia ndani, jana nimekuta kijiko na kandambili yake kwenye tundu la sabufa. Mama yake anasema niuze. Kuna namna ya kuvilinda? Na twita inapona? (Baba wa Nkuhungu)

JIBU: Marahaba baba, na hongera kwa mtoto kutembea. Usiuze. Ila nikwambie ukweli, we unaogopea twita, mimi nimesoma swali lako nikaanza kuogopea rimoti ambayo hata hujaitaja. Sabufa nyingi zinakuja na karimoti kembamba, kana katrei unakavuta kwa kucha tu, hakana skurubu, ndani kuna betri ya duara kama sarafu. Kachukue sasa hivi uangalie, ukikuta imeandikwa CR2025 ndo yenyewe. Mtoto akiimeza ikakwama kwenye koo, ikishagusana na ule unyevu umeme wake unatengeneza kitu kikali kama magadi ya kupikia sabuni, na ndani ya masaa 2 inaweza ikawa imeshaunguza vibaya sana, hata ile unayoiona imeisha haiwashi rimoti bado inaunguza. Dalili zinadanganya, anadondosha mate, anakohoa, anakataa kula, unadhani mafua au meno.

Ukihisi kameza usimtapishe, usimpe maziwa wala chakula, mbio hospitali, kwa hapo mjini Benjamin Mkapa au ile ya rufaa ya mkoa, na ukifika mlangoni taja betri kabisa ili wapige eksirei haraka. Kwa vile kashavuka mwaka, kama anameza vizuri na hayajapita masaa 12 tangu ameze, mpe asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10 huku mko njiani, isizidi mara 6, inapunguza kuungua, na asali kanda yetu hii hatuikosi. Mtoto wa chini ya mwaka hapewi asali. Na usichelewe kutoka eti unatafuta asali. Haya, karimoti kazungushie selotepu pale kwenye trei, afu kakae juu ya kabati.

Sasa hizo spika ndefu. Anayejifunza kusimama anashika chochote kilicho mbele yake ajivute, na spika ndefu ina kitako chembamba, ikimlalia ni balaa. Nenda hadiwea ununue vile vyuma vya kona, toboa ukuta, weka vile viplagi vya plastiki vya kushikilia skurubu ukutani, funga spika kwa nyuma na skurubu. Dakika ishirini kila moja. Tv nayo kama imekaa tu juu ya stendi, ifunge hivohivo.

Waya usiache hata mmoja unaning'inia mbele, na ekstensheni itoke sakafuni kabisa. Halafu kuna jambo tunalifanya karibu nyumba zote, plagi ya miguu miwili haiingii kwenye soketi basi tunachukua kalamu au kijiti tunachomeka tundu la juu ili yale ya chini yafunguke. Yale matundu yamefungwa makusudi kwa ajili ya watoto, na huyu binti anakuangalia kila siku unavofanya, kesho atachukua kile kijiko chake cha kwenye sabufa. Nunua adapta au mwambie fundi akubadilishie plagi iwe ya miguu mitatu, ufanye leo, sio usubiri mwisho wa mwezi.

Ampilifaya ipande juu asikofika, ila usiifunike na kile kitambaa cha kufuma, inahitaji kupumua, joto likikosa pa kutokea inaungua. Sabufa igeuze tundu litazame ukutani, uache nafasi kama shubiri moja hivi. Kandambili itoe kwa kuinamisha sabufa taratibu, usichokonoe na waya.

Twita kama ni ya kitambaa laini mara nyingi inarudi. Zima, chomoa, bandika selotepu katikati kwa kidole chepesi sana afu vuta polepole, rudia mara tatu nne. Ya bati ikishakunjana hainyooki vizuri, alama itabaki. Ikisharudi, kachukue yale makava ya kitambaa ulioyatoa ili spika zionekane, uyarudishie.